Unga, bangi na magenge: maswali yanayoulizwa sana Unguja na Pemba

Kila zinapokuja khabari za mauaji ya Mexico, au nchi fulani inaporuhusu bangi, maswali yaleyale hurudi: barazani baada ya Isha, kwenye mikutano ya wazazi skuli, maskani kwa vijana, na hata kwa wenye nyumba za wageni. Hapa yamekusanywa pamoja. Anayejibu ni mtu anayekaa karibu na vijana walioingia kwenye unga na familia zao. Palipo na rai yangu nimesema kuwa ni rai.

## Mambo ya msingi

1. Bangi na unga si mamoja tu?

Si mamoja, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu nusu ya mazungumzo yetu. Bangi ni mmea, na kinacholevya ndani yake ni kemikali iitwayo THC. Ile inayovutwa hapa visiwani hutoka zaidi bara, kwenye mikoa kama Morogoro, Tanga, Arusha na Mara. Unga ni heroini. Hutengenezwa kwa utomvu wa afyuni, na wa kwetu kwa miaka mingi umetoka Afghanistan.

Unga hushika mwili. Aliyezoea akikosa kete (kifurushi kidogo cha unga) kwa saa sita mpaka kumi na mbili, arosto inaanza: miayo, makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Ukizidishwa, husimamisha pumzi. Bangi haiui kwa njia hiyo, ingawa nayo huzoesha watu wengi, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua huongeza hatari ya kurukwa na akili, hasa ile kali inayoitwa skanka.

Daraja baina ya viwili hivi ni kokteli, msokoto wa bangi ulionyunyizwa unga. Wako vijana wengi walioanza unga bila kushika sindano wala kujua wanachovuta.

2. Unga unafikaje pwani yetu?

Kwa bahari. Mzigo hutoka Afghanistan, hupita Pakistan na Iran hadi pwani ya Makran, hupakiwa kwenye majahazi, na hushushwa mbali na nchi kavu kwenye vyombo vidogo. Vyombo hivyo ndivyo vinavyoingia bandari bubu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Disemba 2023 mamlaka ya bara ya kudhibiti dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini (dawa kali ya kuchangamsha inayopikwa maabara) Dar es Salaam na Iringa.

Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, na mwaka uliofuata mashamba yalipungua kwa takriban asilimia 95. Watu waliuliza kama unga ungekwisha. Haukwisha: akiba ilikuwepo, na methamfetamini imepata nafasi kwenye njia ileile.

3. Kama unapita tu kwenda Ulaya, kwa nini vijana wetu wanautumia?

Kwa sababu njia huacha mabaki. Katika nchi za kupitishia, wanaobeba, wanaolinda na wanaoficha mara nyingi hulipwa sehemu ya mzigo badala ya fedha. Aliyelipwa unga hawezi kununulia mchele. Lazima aukate kete na kuuza mtaani kwake. Hivyo ndivyo unga ulivyojikita Unguja kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Kumbuka jambo hili la malipo ya mzigo, maana litarudi kwenye swali la 4.

## Magenge na umwagaji damu

4. Mexico ilifikaje pale ilipofika?

Hadi miaka ya 1980 kokeini ya Colombia ilikuwa ikipita zaidi visiwa vya Karibi kwenda Marekani. Njia hiyo ilipobanwa, Wakolombia wakawatumia wasafirishaji wa Mexico, waliokuwa na uzoefu wa kuvusha bangi na afyuni. Mwanzoni Wamexico walilipwa fedha. Baadaye wakadai walipwe kokeini yenyewe, na kwa malipo yale wakageuka kutoka wabebaji kuwa matajiri wenye soko lao.

Kisha yakaja mambo matatu kwa pamoja. Chama kilichotawala kwa miaka 71 kilishindwa uchaguzi wa urais mwaka 2000, na makubaliano ya chini kwa chini baina ya wakubwa na wahalifu yakavunjika. Silaha zilimiminika kutoka Marekani. Na Disemba 2006 Rais Felipe Calderón alipeleka jeshi Michoacán. Vinara walikamatwa au kuuawa, lakini kila genge lililokatwa kichwa lilipasuka vipande, na vipande vikapigania mitaa na barabara. Kundi la Zetas liliundwa na askari waliokimbia vikosi maalumu vya jeshi.

Tangu hapo waliouawa wamepita laki nne, na mwaka 2022 orodha rasmi ya watu waliopotea ilivuka 100,000. Huko mama huenda na koleo nyikani kutafuta mifupa ya mwanawe. Na ili ujue ufisadi ulifika wapi, Genaro García Luna, aliyekuwa waziri wa usalama wa Calderón mwenyewe, alitiwa hatiani New York mwaka 2023 kwa kula rushwa za genge la Sinaloa.

5. Kwa nini huku hatuoni vita vya bunduki?

Kwa sababu biashara ya hapa inahitaji utulivu. Magenge hupigana pale yanapogombea eneo ambalo bila hilo mzigo haupiti. Pwani ya Afrika Mashariki ni ndefu. Mtu akibanwa Kilwa atakwenda Tanga, akibanwa Tanga atakwenda Msumbiji. Silaha mitaani ni chache. Na anayepata faida hapendi macho ya watu kwenye bandari bubu yake.

Utulivu huo usikudanganye kuwa wahusika ni wapole. Ibrahim Akasha wa Mombasa, aliyejulikana kwa biashara ya dawa za kulevya, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa mwaka 2018, na kuhukumiwa miaka 25 na 23. Katika makosa waliyokiri ilikuwemo kuhonga maafisa ili kesi yao Kenya isisonge mbele.

Hili ndilo linalonitia khofu zaidi kuliko bunduki. Askari, karani wa bandari na hakimu wakishanunuliwa, hakuna atakayesikia mlio wowote.

6. Kwa hivyo sisi hatuna umwagaji damu?

Tunao, ila haupigwi picha. Kijana akipigwa na umati kwa kuiba simu ili apate kete, hiyo ni damu ya unga. Mama anayenyang'anywa vyombo vyake vya ndani na mwanawe wa kumzaa ameumizwa na biashara hiyohiyo.

Na kuna damu kwa maana yake halisi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 iliripotiwa Dar es Salaam, na hapa pia, desturi ya mtu aliyekwishajidunga kuvuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na fedha, ajidunge ile damu akitaraji kubaki kwa unga ndani yake. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta karibu asilimia 16 ya wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, wakati kwa wananchi wote kiwango ni kama asilimia moja. Baadaye kilishuka kwa wanaojidunga, na waliokishusha ni wahudumu wa afya na vijana walioacha unga ambao walizifuata maskani moja baada ya nyingine.

## Mjadala wa kuruhusu bangi

7. "Kuruhusu bangi" maana yake hasa ni nini?

Watu hutumia maneno hayo kwa mambo matatu tofauti, kisha hubishana bila kusikilizana.

La kwanza ni kuifanya biashara halali: maduka, leseni, kodi. Uruguay ilipitisha sheria hiyo Disemba 2013, ikiwa nchi ya kwanza duniani, na Canada ikafuata Oktoba 2018. La pili ni kuondoa jinai: kuvuta kunabaki kukatazwa au kutopendezwa, lakini aliyekutwa na kiasi kidogo hapelekwi jela. Ureno ilifanya hivyo mwaka 2001, tena kwa dawa zote ikiwemo heroini. La tatu ni tiba na biashara ya kusafirisha nje tu. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017.

Afrika Kusini iko kivyake. Mahkama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kupanda kwa matumizi yake faraghani. Kuuza bado ni kosa.

8. Je, Umoja wa Mataifa umeihalalisha?

Hapana. Disemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari mno zisizo na manufaa makubwa ya tiba. Bado imebaki chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961. Anayekuonyesha khabari hiyo kama ruhusa amesoma kichwa chake tu.

9. Bangi iliporuhusiwa Marekani, magenge ya Mexico yalifilisika?

Kwenye bangi, yalipoteza sana. Majimbo ya Colorado na Washington yalipiga kura ya kuiruhusu Novemba 2012, majimbo mengine yakafuata, na bangi ya Mexico ikakosa wanunuzi. Kiasi kilichokamatwa mpakani kiliporomoka. Wakulima wa milima ya Sinaloa, Durango na Chihuahua waliona bei ikianguka mpaka wengi wakang'oa bangi na kupanda afyuni.

Lakini magenge yaliendelea na mengine. Yaliingia kwenye fentanili, dawa ya maabara isiyohitaji shamba wala mvua, inayopikwa kwa kemikali kutoka Asia. Kuanzia 2021 hadi 2023 Wamarekani zaidi ya 100,000 walikuwa wakifa kwa mwaka kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa fentanili. Magenge yakaiba mafuta kwenye mabomba, yakawatoza wakulima wa parachichi wa Michoacán, yakawavusha wahamiaji kwa malipo. Kuanzia 2018 hadi 2022, miaka kadhaa baada ya maduka ya Colorado kufunguliwa, mauaji Mexico yalikuwa zaidi ya 30,000 kwa mwaka.

Tazama na kwengine. Uruguay iliuza bangi kwenye maduka ya dawa kuanzia 2017, na mwaka uliofuata mauaji yalipanda sana, na ugomvi wa magenge ukatajwa kuwa sababu mojawapo. Uholanzi imevumilia maduka ya bangi tangu miaka ya 1970, na bado Julai 2021 mwandishi wa khabari Peter R. de Vries alipigwa risasi katikati ya Amsterdam akiwa amemsaidia shahidi dhidi ya genge la kokeini.

Rai yangu: genge linauza uwezo wa kuvusha na kutisha. Bidhaa ni ya msimu. Ukiihalalisha moja utalipunguzia pato, na hilo si dogo, ila lenyewe litabaki.

10. Basi wanaotetea hawana hoja?

Wanazo, na tunawakosea tukiwaita wahuni. Wanasema jela hujaza vijana maskini waliokutwa na msokoto huku mwenye mzigo akilala kwake. Ni kweli. Wanasema jela humfunza mvuta bangi kuvuta unga. Mimi nimewasikia vijana wakisema walionja unga kwa mara ya kwanza wakiwa ndani. Wanasema bangi ina tiba. Kwa kiasi ni kweli: dawa ya kifafa kikali cha watoto, iliyotengenezwa kwa kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi, ilipitishwa Marekani mwaka 2018. Hiyo ni dawa ya chupa yenye kipimo, na msokoto wa maskani hauwezi kuchukua nafasi yake.

Wanaopinga nao wana la kuonyesha. Canada iliporuhusu pipi na biskuti za bangi, watoto wadogo waliopelekwa hospitali kwa kuzila waliongezeka. Kenya, George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Alipata chini ya asilimia moja ya kura.

11. Dini imeshakataza. Mjadala wa nini tena?

Uharamu wa kinacholevya uko wazi kwa Waislamu, ambao ndio wengi mno hapa kwetu, na hakuna anayeomba utenguliwe. Lakini uharamu haujibu swali la nani afungwe miaka mingapi, wala kama mgonjwa apelekwe hospitali au rumande. Masheikh niliokaa nao wanalitambua hilo. Baadhi yao wamefungua milango ya misikiti kwa vijana wanaojaribu kuacha, na faida yake nimeiona kwa macho yangu.

12. Zanzibar ikiruhusu bangi, unga utapungua?

Sioni namna. Pato la wakubwa wa njia yetu ni heroini na methamfetamini (swali la 2), na bangi si kitu kwao. Tungepunguza msongamano mahkamani, hilo nalikubali. Pia tungepata maduka ya bangi kwenye visiwa vya watalii, ambako papasi anayewatembeza wageni na mhudumu wa hoteli wanalipwa kidogo na wanashawishiwa kila siku.

Somo linalotufaa liko Ureno zaidi kuliko Colorado. Ureno ya miaka ya 1990 ilifanana na sisi: heroini, sindano, UKIMWI. Waliomkamata mtumiaji walimpeleka mbele ya jopo la mwanasheria, mtaalamu wa afya na ofisa wa ustawi wa jamii, na fedha zikaelekezwa kwenye tiba. Maambukizi kwa wanaojidunga yalishuka sana. Mfanyabiashara wa unga aliendelea kufungwa kama kawaida. Ningependa Baraza la Wawakilishi lijadili hilo, na bangi isubiri.

## Sheria ya hapa

13. Kwa sasa sheria inasemaje?

Zanzibar ina sheria yake, mbali na ile ya bara ya 2015. Sheria ya 2021 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Kulima bangi, kuwa nayo, kuivuta na kuiuza yote ni makosa, na kusafirisha kuna adhabu nzito kabisa. Hakuna kiasi cha "matumizi yangu tu" kinachoruhusiwa.

14. Mgeni wangu anavuta chumbani. Anasema kwao ni halali.

Kwao ni kwao. Mwambie mapema, kwa upole na kwa maandishi pale anapopokelewa, kwamba hapa ni kosa. Mwenye nyumba anayeacha dawa zitumike kwake anajiweka mwenyewe hatarini. Mafuta na peremende za bangi zilizonunuliwa Ulaya nazo ziachwe hukohuko. Uwanja wa ndege hawatauliza risiti.

15. Na mirungu? Kenya si wanauza sokoni?

Kenya ni zao halali. Hapa na bara ni marufuku. Wako waliokamatwa kwa kutojua hilo.

## Nyumbani na hospitali

16. Nimegundua mwanangu anatumia unga. Nianzie wapi?

Usianze kwa kumfukuza wala kumfungia chumbani. Arosto kali hukaa kama wiki, lakini hamu ya kurudi hukaa miezi. Kijana anayetolewa chumbani baada ya siku saba bado hajapona.

Hospitali ya Kidongo Chekundu ina huduma ya methadoni, dawa ya kunywa ya kumtuliza aliyezoea unga, tangu 2015. Zipo pia soba hausi, yaani nyumba za kukaa wanaoacha unga, ambazo zilianza Unguja mwaka 2009 na zinaendeshwa na vijana walioacha wenyewe, kwa kufuata Hatua 12, mpango wa hatua kwa hatua wa kuacha ulevi. Kabla ya kulipa, nenda ukaione nyumba: wanakula nini, nani analala wapi, je, kuna anayepigwa. Iliyo nzuri haitakukataza kuangalia.

Kama ni binti, ulizia mahsusi huduma za wanawake. Wao hufichwa zaidi na familia, na hufika wakiwa wamechoka zaidi.

17. Methadoni si unga mwingine wa serikali?

Ni ya jamii moja na heroini, ndiyo maana inafanya kazi. Tofauti ni kwamba hunywewa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku, hukaa mwilini saa 24 au zaidi, na kwa kipimo sahihi haimlevyi aliyezoea. Mtu anaondoa arosto bila sindano na bila kuiba. Anaweza kuvua, kuoa, kulea. Wengine huitumia miaka mingi, na hilo si aibu, kama vile si aibu kwa mwenye kisukari.

18. Nifanye nini mtu akizidisha?

Ishara ni pumzi chache au za kukoroma, midomo kuwa bluu, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kutoamka ukimtikisa. Mlaze ubavu, fungua njia ya hewa, mkimbize hospitali, na uwaambie wazi ametumia unga, kwani ipo dawa ya kuutengua, naloksoni. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Atakabwa nayo.

19. Ametoka soba hausi au jela ya Kiinua Miguu, yuko safi. Bado kuna hatari?

Hizo wiki za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Mwili umesahau unga, lakini yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Akirudia kile kile mara moja tu, anaweza kufa. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, hata kama unaona ni kama kumtilia mkosi.

20. Ramadhani inakuja na yuko kwenye methadoni.

Asikatishe mwenyewe. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, azungumze mapema na wauguzi wa kliniki kuhusu saa ya kunywa, na amuulize sheikh anayemwamini kuhusu hukumu ya mgonjwa.

21. Muuzaji namjua. Ni mjomba wangu, na sheha ni rafiki yake.

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na waulizaji ni wengi. Huna wajibu wa kwenda kwa sheha kama humwamini. Nenda moja kwa moja kwa Mamlaka, na usitaje nia yako kwa mtu yeyote wa nyumbani. Waeleze unachokijua kwa macho yako: mahali, saa, chombo. Usiende kuchunguza zaidi wala kupiga picha. Na kama mjomba mwenyewe anatumia kile anachouza, jambo ambalo ni la kawaida kwa wauza kete, waeleze na hilo, kwani anahitaji kliniki (swali la 16), na aliyempa mzigo ndiye wanayepaswa kumtafuta.